Kuwasha kompyuta 22 zisizo na diski kutoka seva moja ya Linux: zinakwama kwa namna tatu tofauti

Mwalimu wa Ujiji (Kigoma)

Ndugu wataalamu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule ya sekondari hapa Ujiji. Tuna chumba chenye kompyuta 22 zilizokwisha kutumika kabla ya kutufikia, na kwa mihula miwili sasa diski zake zimekuwa zikifa moja baada ya nyingine, kwa sababu umeme hukatika ghafla wakati mashine zinaandika, na kila ukirudi naikuta mashine moja au mbili ambazo haziwaki tena. Zimebaki saba tu zenye diski nzima, na Kidato cha Tatu peke yake kina wanafunzi 51. Fedha za kununua diski 15 hazipo. Ndipo nilipoamua kuziondoa diski zote na kuziwasha kompyuta kupitia mtandao (njia iitwayo PXE), mfumo wote ukae katika seva moja ambayo ninaweza kuilinda.

Seva ni kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8, SSD ya GB 240 na Debian 12. Nimesakinisha dnsmasq itoe DHCP (inayogawa anwani za mtandao) na TFTP (inayotuma mafaili ya kuwakia) kwa pamoja, nikaweka pxelinux.0 (programu ya kuanzia) pamoja na vmlinuz (kerneli, yaani kiini cha Linux) na initrd.img (mfumo mdogo wa muda unaotangulia wakati wa kuwaka) nilizozinakili kutoka /boot ya seva yenyewe, kisha nikajenga mfumo wa wanafunzi kwa debootstrap (amri ya kusakinisha Debian ndani ya saraka) ndani ya /srv/maabara na kuutoa kwa NFS (njia ya kushirikisha saraka kupitia mtandao). Seva, kompyuta zote na rauta ya intaneti inayotumia laini ya simu vimechomekwa katika swichi moja iliyotoka ofisini, yenye poti 24 za Mbps 100 na poti mbili za gigabiti. Kompyuta za wanafunzi zina RAM ya GB 2 kila moja.

Matokeo yake ni haya. Kompyuta 14 za zamani mara nyingi husimama kwenye maneno "PXE-E53: No boot filename received", lakini nikiiwasha mashine ileile mara ya tatu au ya nne huweza kupita bila mimi kugusa kitu chochote. Kompyuta nane za karibuni, zenye UEFI (programu ya kuwashia iliyochukua nafasi ya bayosi), huandika "NBP file downloaded successfully", kisha skrini huwa nyeusi kwa sekunde moja na kurudi kwenye menyu ya mwanzo. Zile za zamani zinazobahatika kupita hupakia kerneli vizuri, halafu huandika mstari mmoja mara nyingi mfululizo, "ipconfig: no devices to configure", na mwishoni huniacha kwenye alama ya (initramfs).

Nimebadilisha kebo na nimesakinisha upya mara mbili. Naomba kujua kama hili ni tatizo moja linalojitokeza kwa sura tatu, au ni matatizo matatu.

---

Fundi wa Isevya (Tabora)

Mwalimu, habari za Ujiji. Umeyaandika maneno ya skrini kama yalivyo, na hilo limetupunguzia nusu ya kazi. Ni matatizo matatu yasiyohusiana, na yote yanatokea kabla Debian yenyewe haijaanza, kwa hiyo kusakinisha upya kusingeweza kukusaidia.

Nianze na PXE-E53. Mashine isiyo na diski inapowaka, kadi yake ya mtandao haijui lolote kuhusu mahali ilipo. Hutuma ombi la DHCP kwa kila aliyechomekwa kwenye swichi, ikiomba anwani ya IP na jina la faili la kuanzia. Kwako wanaojibu ni wawili: dnsmasq, ambayo inatoa anwani na jina la faili, na rauta ya intaneti, ambayo inatoa anwani tu kwa sababu haijui habari za pxelinux. ROM nyingi za zamani, yaani programu zilizomo ndani ya kadi zenyewe, hulichukua jibu lililotangulia. Na rauta ndiyo hutangulia mara nyingi, kwa kuwa dnsmasq, kabla ya kumpa mtu anwani mpya, kwanza huipigia anwani hiyo ping na kungoja kidogo ili ihakikishe kwamba hakuna anayeitumia. Siku ambayo rauta imechelewa, mashine yako inapita. Usichukue maneno yangu hivihivi, tazama mwenyewe kwa kuendesha amri hii kwenye seva na kuiwasha mashine moja:

tcpdump -ni enp2s0 port 67 or port 68

Utaona ombi moja likifuatiwa na majibu kutoka anwani mbili.

Unaweza kuizima DHCP ya rauta, lakini siku mtu akibonyeza kitufe cha kuirudisha rauta katika mipangilio ya kiwandani, chumba kizima kitalala na hutajua kwa nini. Unaweza pia kuitumia dnsmasq kama wakala asiyetoa anwani bali jina la faili tu, na hiyo ni njia halali kwa mtu ambaye rauta si mali yake. Ushauri wangu kwako, hata hivyo, ni kuongeza kadi ya pili ya mtandao kwenye seva: kadi ya kwanza ielekee kwenye rauta, ya pili ielekee kwenye swichi ya wanafunzi, na rauta itolewe kabisa kwenye swichi hiyo. Wanafunzi wakae kwenye mtandao wao wa 192.168.67.0, seva iwe 192.168.67.1, na intaneti iwafikie kwa kupitia seva. Kadi ya gigabiti iliyotumika haina bei kubwa, na itakuondolea mzozo huu moja kwa moja.

Tatizo la pili ni la UEFI. Faili la pxelinux.0 ni programu ya bayosi ya zamani. Mashine ya UEFI hulipokea salama, ndiyo maana inakuambia kwamba imelipakua, lakini haiwezi kuliendesha, hivyo inalitupa na kurudi ilikotoka. Kila mashine inapoomba DHCP hutaja aina yake katika chaguo namba 93: 0 ni bayosi ya kawaida, 7 ni UEFI ya biti 64, na zipo chache zinazojitaja kama 9. Mpe kila mmoja faili lake:

interface=enp3s0
dhcp-range=192.168.67.20,192.168.67.250,12h
dhcp-match=set:bios,option:client-arch,0
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,7
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,9
dhcp-boot=tag:bios,boot/grub/i386-pc/core.0
dhcp-boot=tag:efi,boot/grub/x86_64-efi/core.efi
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp

Utaona nimeiacha pxelinux na kuchukua GRUB, programu nyingine ya kuwashia. Sakinisha grub-pc-bin na grub-efi-amd64-bin, kisha endesha grub-mknetdir --net-directory=/srv/tftp, nayo itakutengenezea mafaili yote mawili kwa pamoja, yakisoma menyu moja ya grub.cfg. Kutunza menyu mbili zinazopaswa kufanana ni kujitafutia siku ambayo zitaacha kufanana. Kwenye zile nane zima Secure Boot, kwa sababu faili unalolitengeneza mwenyewe halina saini.

La tatu ndilo linalonifurahisha kulieleza, kwa kuwa lilinichukua siku mbili nzima nilipolikuta mara ya kwanza. Mstari wa "no devices to configure" una maana kwamba kerneli imeshawaka lakini haioni kadi yoyote ya mtandao. Mtu hushangaa, maana kerneli hiyohiyo imetoka kuletwa na kadi hiyohiyo sekunde chache zilizopita. Lakini aliyeileta ni ROM ya kadi, na kerneli ikishika usukani haiitumii tena ROM hiyo, inahitaji draiva yake yenyewe, na draiva hiyo lazima iwemo ndani ya initrd. Wewe umeinakili initrd ya seva. Tazama katika /etc/initramfs-tools/initramfs.conf ya seva; nadhani utakuta MODULES=dep, yaani initrd imebeba draiva za vifaa vilivyomo ndani ya seva tu. Kama seva ina kadi ya Intel na kompyuta za wanafunzi zina kadi za Realtek, draiva ya r8169 haimo humo.

Ingia kwa chroot ndani ya /srv/maabara (yaani fanya kazi kana kwamba saraka hiyo ndiyo mfumo wote), sakinisha kerneli humo humo, sakinisha pia firmware-realtek na nfs-common, andika MODULES=netboot, endesha update-initramfs -u, halafu chukua vmlinuz na initrd za humo ndizo uziweke kwenye TFTP. Mstari wa kerneli katika grub.cfg uwe hivi:

linux /vmlinuz root=/dev/nfs nfsroot=192.168.67.1:/srv/maabara ip=dhcp ro

Jambo moja dogo: kifaa cha kupachika NFS kilichomo ndani ya initrd ya Debian hutumia toleo la 3, kwa hiyo usije ukaibana seva yako itoe toleo la 4 peke yake.

---

Mama Maabara (Kasulu)

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera kwa kutokata tamaa. Fundi ameyaeleza vizuri mambo ya kuwaka. Mimi naomba nizungumzie kinachotokea dakika moja baada ya kuwaka, kwa kuwa hujasema saraka ya /srv/maabara umeitoa kwa ruhusa gani.

Nilipoanza, niliitoa kwa wote ikiwa na ruhusa ya kuandika, nikidhani kwamba kompyuta zinazotumia mfumo mmoja zinaweza kuandika mahali pamoja. Kwa kompyuta moja ilikwenda vizuri. Nilipowasha 12, kila moja ilikuwa ikiandika juu ya kumbukumbu za mwenzake ndani ya /var/log, zote zilijitambulisha kwa jina moja, na siku ya tatu mwanafunzi mmoja alifuta programu ya kuchorea kwenye mashine yake, ikatoweka kwenye mashine zote 12 wenzake wakiwa katikati ya kazi. Yule mtoto hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu kwa kumpa mfumo ambao kitendo chake kidogo kilimfikia kila mtu.

Mfumo wa pamoja lazima usomwe tu. Kila mashine iwekewe juu yake tabaka la kuandikia ndani ya RAM yake yenyewe, linalofutika mashine inapozimwa. Unaweza kulitengeneza kwa mkono ukitumia overlayfs, lakini mimi nimehamia LTSP (programu ya kuwasha kompyuta nyingi kutoka seva moja) na sijajuta. Ni mradi ulioanza mwaka 1999, ukaandikwa upya mwaka 2019, na toleo hili jipya ni jepesi sana kulielewa. Unaubana mfumo wote kuwa imeji moja ya squashfs (faili lililobanwa la kusomwa tu) kwa amri ya ltsp image, unaendesha ltsp dnsmasq, ltsp ipxe, ltsp nfs na ltsp initrd, na mambo mengi ambayo Fundi ameyaandika hapo juu, pamoja na kutofautisha bayosi na UEFI, yanapangwa yenyewe. Hata mtandao wa 192.168.67.0 aliokutajia Fundi ndio ambao LTSP huutumia kwa kawaida kwenye seva yenye kadi mbili. Mwanafunzi huingia kwa jina na nenosiri lake lililoko kwenye seva, na saraka yake ya nyumbani huletwa kutoka huko, kwa hiyo kazi yake anaikuta kwenye kiti chochote atakachokalia.

RAM ya GB 2 inatosha lakini uitazame kwa makini, maana tabaka la kuandikia nalo linakula humo humo. Tumia Xfce au LXQt (mazingira mepesi ya skrini), washa zram (inayobana data ndani ya RAM), na uwazuie wanafunzi kufungua vichupo kumi vya kivinjari kwa wakati mmoja. Hicho cha mwisho hakuna amri yake; ni kusimama nyuma yao.

---

Fundi wa Isevya (Tabora)

Nakubaliana na Mama Maabara kuhusu kusoma tu, na kwa kompyuta 22 LTSP ndiyo mahali pa kufikia. Ningeomba tu mwalimu aiwashe kwanza mashine moja kwa njia ya mkono hadi ifike kwenye skrini ya kuingilia. LTSP ikigoma, maneno yanayotokea kwenye skrini ni haya haya ya PXE, ya ipconfig na ya NFS, na asiyewahi kukutana nayo hubaki akiangalia skrini bila pa kushika.

---

Nyaya na Swichi (Mwanga, Kigoma)

Mwalimu, mimi niko hapa hapa mjini, kwa hiyo nayajua mazingira yako ya umeme na radi za msimu wa mvua.

Anza na poti. Seva lazima ichomekwe kwenye mojawapo ya zile poti mbili za gigabiti. Fanya hesabu hii: kerneli ikiwa na MB 8 na initrd MB 40, kompyuta 22 zikiwashwa pamoja zinaomba MB 1,056. Poti ya Mbps 100 hupitisha MB 12.5 kwa sekunde ikiwa haina shughuli nyingine, kwa hiyo mafaili hayo mawili peke yake yatachukua karibu sekunde 85, na hapo mfumo wenyewe haujaanza kusomwa. Kwenye poti ya gigabiti foleni hiyo inaondoka mlangoni pa seva, na kila mwanafunzi anabanwa na poti yake mwenyewe tu. TFTP nayo ni ya polepole kwa asili, kwa kuwa hutuma kipande kimoja, husubiri kijibiwe, ndipo hutuma kingine, na kipande chake cha kawaida ni baiti 512. iPXE inayotumiwa na LTSP inaweza kuchukua mafaili kwa HTTP, jambo ambalo utalihitaji ukizidisha mashine. Usiogope kuhusu kasi ya SSD: mashine ya kwanza ikishasoma imeji, sehemu kubwa inabaki kwenye RAM ya seva, na zinazofuata zinahudumiwa kutoka humo.

Swichi iliyotoka ofisini huenda ni ya kusimamiwa, yenye spanning tree ikiwa imewashwa. Swichi ya namna hiyo, kila kebo inapopata uhai, huizuia poti kwa sekunde 30 kabla ya kuruhusu data, kwa sababu inachunguza kama kuna mzunguko. Na kebo hupoteza uhai zaidi ya mara moja wakati wa kuwaka: ROM inapoikabidhi kadi kwa kerneli, draiva huianzisha kadi upya, na saa ya swichi inaanza kuhesabu tena. Ingia kwenye mipangilio yake, na poti zote za wanafunzi uzipe portfast (kuruhusu data mara moja bila kungoja) au jina lolote ambalo mtengenezaji ameliita jambo hilo.

Kuhusu umeme: UPS (betri ya akiba) ilishe vitu viwili, seva na swichi. Watu wengi huiweka seva peke yake. Seva ikianguka kwa dakika mbili, mashine za wanafunzi ambazo bado zina umeme hazifi, huganda zikiandika "nfs: server 192.168.67.1 not responding, still trying", na seva ikirudi huendelea pale pale zilipoachia. Kisha katika bayosi za wanafunzi weka mashine zibaki zimezimwa baada ya umeme kurudi, maana zikiwaka zenyewe zitamaliza majaribio yao ya PXE kabla seva haijawa tayari, na utakuta skrini 22 zimekwama.

Mwisho, usisahau kwamba TFTP haina nenosiri na NFS inaamini anwani ya IP tu. Yeyote atakayechomeka kebo kwenye swichi hiyo anaweza kuisoma imeji yote, kwa hiyo mitihani na alama za wanafunzi zisikae ndani yake hata kwa saa moja.

---

Mwalimu wa Ujiji (Kigoma)

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimechukua wiki mbili kurudi kwa sababu kadi ya pili ya mtandao ilinibidi niisubiri.

Nilianza na tcpdump kama nilivyoelekezwa, na kweli majibu mawili yalionekana, la rauta likiwa juu kila mara. MODULES ilikuwa dep. Nilipoijenga initrd upya ndani ya chroot, mashine ya kwanza ilifika kwenye skrini ya kuingilia siku hiyo hiyo saa kumi na moja jioni, mlinzi akiwa amesimama mlangoni na funguo. Mstari ulioandika anwani 192.168.67.31 ulipotokea nilimwita aje auone, ingawa sikuweza kumweleza kwa nini ulikuwa na thamani kiasi hicho kwangu.

Kisha nimehamia LTSP. Mashine 21 zinawaka. Moja ilikataa kwa PXE-E61, nayo nimeona poti yake imeungua, hivyo itakaa pembeni hadi nipate kadi ya kuchomeka. Limebaki jambo ambalo hakuna aliyelitaja: mashine tano husahau mpangilio wa kuwaka kupitia mtandao kila umeme unapokatika, na saa yake hurudi nyuma miaka mingi. Na nikitaka kuongeza programu mpya, je, naweza kuijenga imeji wakati wanafunzi wako kazini?

---

Nyaya na Swichi (Mwanga, Kigoma)

Hizo tano betri ya ubao mama imekwisha. Ni CR2032, ile bapa ya duara, na mafundi wa saa hapa Mwanga wanayo. Badilisha zote 21 kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa umri wake ni mmoja.

---

Mama Maabara (Kasulu)

Usiijenge wakati wapo, mwalimu. Mashine inayosoma imeji ya zamani, ikibadilishiwa chini yake, huanza kuandika "Stale file handle" na kila programu inayofunguliwa inaanguka. Subiri jioni zote zikiwa zimezimwa, nakili imeji iliyopo kwa jina lingine, ndipo uendeshe ltsp image, na kama kerneli imebadilika hakikisha kwamba kerneli inayotoka kwenye TFTP inalingana na moduli zilizomo ndani ya imeji. Washa mashine moja ya bayosi na moja ya UEFI. Zikiingia zote mbili, ndipo uende nyumbani.